Ultramarathoni ya Kwanza Kwale ni ya Anayejua Kutembea

Wakenya tumezoea kupima mbio kwa saa ya mkononi. Kelvin Kiptum alipomaliza marathoni ya Chicago tarehe 8 Oktoba 2023 kwa saa 2 na sekunde 35, kila kilomita ilikuwa imemchukua chini ya dakika 3, na watu waliyajadili yale matokeo kwa dakika na sekunde. Ndiyo maana Mkenya akisikia habari za mbio za kilomita 50 za kupanda na kushuka vilima, neno la kwanza kuuliza ni kasi. Kwa mtu anayezijaribu mara ya kwanza, swali hilo linampoteza. Ultramarathoni ya kwanza ya njia za porini, hasa katika ardhi ya joto na unyevu kama kaunti ya Kwale, humalizwa na mtu aliyejifunza kutembea: anayejua aache kukimbia lini, apandeje bila kuhema, ashukeje bila kuyachosha mapaja, na ale nini huku miguu inakwenda. Mkimbiaji hodari asiyejua hayo hukwama njiani. Anayeyajua, hata akiwa na mbio za kawaida tu, hufika.

Ultramarathoni ni mbio zozote zinazozidi kilomita 42.195 za marathoni, na wengi huanza na kilomita 50. Jambo lenyewe ni la zamani. Comrades ya Afrika Kusini, kati ya Durban na Pietermaritzburg, ilianza mwaka 1921. Watu 34 waliondoka na 16 tu ndio waliofika. Siku hizi maelfu hushiriki kila mwaka, njia inakaribia kilomita 90, na mwisho ni saa 12 kamili: bunduki ikishalia, aliye mita moja kabla ya mstari hapati medali. Ukigawa, hiyo ni kama dakika 8 kwa kilomita, mwendo ambao kijana yeyote wa Ukunda anaweza kuukimbia kwa nusu saa huku akipiga soga. Ugumu uko katika kuushikilia kutwa nzima. Kule Marekani, mwaka 1974, Gordy Ainsleigh aliingia kwa miguu katika shindano la farasi la maili 100 milimani California, akamaliza chini ya saa 24, na kutokana na siku hiyo zikazaliwa mbio za Western States. Mwaka 2003 zikaanza zile za kuuzunguka mlima Mont Blanc, kilomita 170 hivi kupitia Ufaransa, Italia na Uswisi, zenye jumla ya takriban mita 10,000 za kupanda. Mshindi wa kwanza alikuwa Dawa Sherpa wa Nepal, mtoto wa milimani. Na hapa kwetu, tangu mwaka 2018, For Rangers Ultra huwapitisha watu kilomita 230 kwa siku tano katika hifadhi za Laikipia, fedha zikienda kwa askari wa wanyamapori.

Kwale haina mlima wa kutisha. Vilima vya Shimba vinainuka kutoka kama mita 120 juu ya usawa wa bahari hadi karibu mita 450, na juu yake umekaa mji wa Kwale wenyewe, na hifadhi ambayo ndiyo pekee nchini Kenya yenye palahala. Tukichora njia ya kilomita 50 inayokipanda kilima hicho karibu chote mara nne, tunapata kama mita 1,200 za kupanda, yaani 24 kwa kila kilomita. Mont Blanc ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Lakini kilima kidogo kinachorudiwa kina hila yake, kwa sababu hakimtishi mtu. Mara ya kwanza unakipanda mbio, mara ya pili pia, na mara ya tatu ndipo unapogundua kwamba hazina imekwisha na zimebaki kilomita 20. Njia ya kwenda kwenye maporomoko ya maji ya Sheldrick, ambayo wageni huitembea wakiongozwa na askari wa KWS, shirika la wanyamapori la taifa, inaonyesha jambo hili kwa ufupi. Inaanzia juu kwenye nyasi, penye upepo, inazama msituni ambako hewa inasimama, na mchanga wa Shimba unateleza chini ya kisigino. Kushuka ni raha tupu. Kurudi, ni umbali uleule na hakuna cha ziada isipokuwa mwinuko, lakini mtu aliyeshuka akizungumza hurudi kimya, mikono juu ya mapaja, akitafuta mzizi wa kukanyaga.

Hesabu ndiyo inayonishawishi zaidi kuliko picha hiyo. Mwaka 1892 Mskoti William Naismith aliandika kanuni ambayo wapanda milima wanaitumia hadi leo: mtembeaji mwenye afya akadirie saa moja kwa kila kilomita 5 hivi, kisha aongeze saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa njia yetu ya kilomita 50 na mita 1,200, hiyo ni saa 10 na saa 2, jumla saa 12, bila kukimbia hata hatua moja. Sasa tuseme katika kilomita hizo, 15 ni za kupanda. Mtu anayezitembea zote kwa dakika 13 kila moja, na kuzikimbia 35 zilizobaki kwa dakika 8, anatumia saa 3 na robo kupanda na saa 4 na dakika 40 kwingineko. Hajafikisha saa 8, kabla ya kuhesabu muda wa kusimama vituoni. Mwenzake anayeikimbia miinuko yote kwa dakika 10 anaokoa dakika 45 tu kwa siku nzima. Na miguu yake ikigoma mwishoni, akalazimika kutembea kilomita 10 za tambarare kwa dakika 14 badala ya kuzikimbia kwa 8, amepoteza saa nzima. Faida aliyoihangaikia tangu alfajiri imeliwa yote na deni juu.

Maabara nayo inasema vivyo hivyo, kwa masharti. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado, katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2016, waliwapandisha wakimbiaji wa milimani kwenye mashine yenye mwinuko mkali, na wakaona kwamba mwinuko ukizidi nyuzi 15 hivi, kutembea kunakula nishati pungufu kuliko kukimbia kwa mwendo uleule wa kupanda. Ni lazima niseme wazi kwamba sehemu kubwa ya miinuko ya Kwale haifiki nyuzi 15. Barabara ya lami kutoka Kombani kwenda Kwale mjini ni ya kupanda kwa upole. Pale sababu ya kutembea ni nyingine. Mkimbiaji mgeni akiwa amechoka, mbio zake za kupanda huwa zimeshuka hadi zinakaribiana na mwendo wa mtembeaji wa haraka, ila moyo wake unadunda zaidi na mwili unatoa joto zaidi. Analipa nauli ya basi na bado anatembea. Kipimo rahisi ni mazungumzo: kama huwezi kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi katika saa tatu za mwanzo, unakwenda haraka mno, hata kama saa ya mkononi inakusifu.

Watu wengi wanaogopa kupanda, na hapo wanaogopa kitu kisicho chenyewe. Kinachowaangusha wageni wa mbio hizi ni kushuka. Unapopanda, misuli ya paja hufanya kazi huku ikijikunja. Unaposhuka, hufanya kazi huku ikivutwa, ikizuia uzito wote wa mwili usiporomoke, na kazi ya namna hiyo hupasua nyuzi ndogondogo za misuli. Maumivu yake hufika kilele siku moja au mbili baadaye, lakini katika mbio za kutwa udhaifu unaanza palepale: goti linatetemeka, mguu unakanyaga kwa kishindo. Habari njema ni kwamba mwili hujifunza upesi. Misuli iliyoshuka mteremko mrefu mara moja au mbili hupata kinga inayodumu wiki kadhaa, na hakuna chakula wala dawa inayoleta kinga hiyo. Kwa hiyo mtu wa Diani au Msambweni, ambako ardhi ni bapa kama meza, asitosheke na ufuo. Mchanga mgumu wa maji yakiwa yamekupwa ni mzuri kwa vifundo vya miguu na kwa kuzoea jua, lakini haufundishi paja kuzuia. Apande matatu hadi Kwale mjini mara moja kwa wiki, ashuke kuelekea Kombani kwa hatua fupi za haraka, mwili umesimama wima badala ya kuegemea nyuma, kisha arudi juu akitembea. Mazoezi ya mwisho makali ya kushuka yawe wiki mbili au tatu kabla ya siku yenyewe.

Suala la chakula linaunga mkono hoja hiyohiyo. Mwili hutunza wanga katika misuli na ini, kiasi kinachotoa kama kalori 2,000. Kukimbia kunagharimu takriban kalori moja kwa kila kilo ya uzito kwa kila kilomita, kwa hiyo mtu wa kilo 60 kwenye kilomita 50 anatumia 3,000 kwenye tambarare, na vilima vyetu vinaipeleka hesabu hiyo kupita 3,500. Pengo hilo huzibwa kwa njia mbili: mafuta ya mwili, ambayo hata mtu mwembamba anayo tele, na kile anachokula njiani. Mwili hutumia mafuta vizuri mwendo ukiwa wa chini. Ukikimbia kwa nguvu unachoma wanga, na wanga ndio unaokwisha. Vilevile tumbo husaga vizuri mtu akitembea kuliko akikimbia, kwani mbio huondoa damu tumboni na kuipeleka miguuni. Kila mwinuko basi ni meza ya chakula. Gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa zinatosha, na hazihitaji pakiti za ng'ambo. Ndizi moja mbivu ina kama gramu 25, tende tano za kawaida nazo zina kama hizo. Kiazi kitamu kilichochemshwa na kutiwa chumvi, kashata ya njugu, uji mwepesi kwenye kituo, kipande cha muwa kwa anayetaka utamu wa haraka, vyote vinafaa. Mahamri na mbaazi za nazi, kwa mapenzi yote tuliyo nayo kwavyo, visubiri baada ya mstari wa mwisho, maana mafuta mengi hukaa tumboni. Muhimu kuliko aina ya chakula ni kuanza kula katika saa ya kwanza, kabla njaa haijabisha hodi, na kukijaribu chakula hicho mazoezini.

Joto ndilo adui wa kweli wa pwani. Sehemu kubwa ya nishati anayoitumia mkimbiaji hugeuka kuwa joto, na mwili hulitoa kwa jasho linalokauka juu ya ngozi. Pwani ya kusini hewa imejaa unyevu, jasho linadondoka badala ya kukauka, na jasho linalodondoka halipozi chochote. Miezi ya Februari na Machi, mchana hupita nyuzi 32 na kaskazi imelegea. Kuandaa mbio za kutwa wakati huo ni kutafuta maafa. Aprili hadi Juni kuna masika na utelezi. Julai na Agosti, kusi ikivuma na mchana ukiwa kama nyuzi 27 au 28, ndio wakati unaofaa. Anayetoka bara huhitaji siku 10 hadi 14 za kuzoea, ambapo maji ya damu huongezeka na jasho huanza mapema zaidi. Anayeishi Lunga Lunga au Gazi ameshazoea kwa kiasi kikubwa. Hapa nawajibu wanaosema pwani si nchi ya wakimbiaji kwa sababu haina miinuko mirefu ya Iten wala hewa yake nyepesi. Kwa marathoni ya kasi, wana hoja. Kwa kilomita 50 katika unyevu wa Kwale, hewa nyepesi inasaidia kidogo na mazoea ya joto yanasaidia sana. Hata hivyo mazoea hayamgeuzi mtu kuwa chuma. Anayekimbia mwinuko saa sita mchana anatengeneza joto jingi akiwa katika mwendo usioleta hata upepo wa kumpoza. Akitembea, anapunguza moto jikoni.

Kuhusu maji, kosa la kunywa kidogo linajulikana, lakini la kunywa kupita kiasi halizungumzwi vya kutosha. Katika marathoni ya Boston mwaka 2002, watafiti walichukua damu ya wakimbiaji 488 waliomaliza na kukuta asilimia 13 wakiwa na upungufu wa sodiamu, hasa waliokunywa hadi uzito wao ukaongezeka njiani. Hali hiyo huleta kichefuchefu, kichwa kuuma, kuchanganyikiwa, na inaweza kuua. Wanaokwenda polepole wana hatari zaidi, kwa kuwa wana muda mwingi wa kunywa, na hapa anayetembea anapaswa kujichunga. Kanuni salama ni kunywa kwa kiu na kula chumvi pamoja na chakula. Madafu ni mazuri, yanaburudisha na yana potasiamu nyingi, lakini sodiamu yake ni kidogo kulinganisha na inayotoka kwa jasho, hivyo dafu lifuatane na kitu cha chumvi.

Pingamizi la kwanza nitakalolijibu linatoka moyoni zaidi ya kichwani: kutembea ni kushindwa, na kwa Mkenya ni aibu. Mtazame Bruce Fordyce, aliyeshinda Comrades mara tisa kati ya mwaka 1981 na 1990. Sifa yake ilikuwa kuanza taratibu, kuwaacha wenye papara waondoke, kisha kuwapita mmoja mmoja katika nusu ya pili. Mtazame Simon Mtuy wa Tanzania, aliyezaliwa kwenye miteremko ya Kilimanjaro na kufanya kazi ya kupandisha watalii mlimani. Mwaka 2006 alipanda hadi kileleni na kurudi kwa muda usiofika saa 9 na nusu, bila msaada, akijibebea chakula na maji. Wageni wengi hutumia siku sita au saba. Nguvu hiyo aliipata kwa miaka ya kutembea mlimani na mizigo. Pwani hii pia ina historia yake. Kutoka Vanga na bandari za jirani misafara iliingia bara, na wapagazi walibeba mizigo ya kilo 30 hivi siku baada ya siku kwa miguu. Sisemi kwamba damu ya wapagazi inatosha kumvusha mtu leo. Damu haifanyi mazoezi. Nasema kwamba umbali mrefu hapa haukuwahi kuhesabiwa kuwa mambo ya wanariadha peke yao. Wanawake nao wasikae kando. Uchambuzi wa marathoni nyingi za Marekani umeonyesha kwamba wanawake hupunguza mwendo kidogo kuliko wanaume katika nusu ya pili, yaani wanajipima vizuri zaidi, na mwaka 2019 Jasmin Paris aliwashinda wanaume wote katika Spine Race ya Uingereza, zaidi ya kilomita 400 za milima wakati wa baridi, akiwa bado ananyonyesha. Kujipima ndiyo kazi nzima ya mbio hizi.

Pingamizi la pili ni la madaktari na wazazi, nami nalikubali kwa sehemu: kilomita 50 zinaumiza mwili. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo, au shinikizo la damu lisilodhibitiwa, au mwenye seli mundu, asiingie bila daktari kumruhusu, na pwani yetu ina wagonjwa wa seli mundu wa kutosha kulifanya jambo hilo lisiwe la kupuuzwa. Ila hatari kubwa nyingi hutokana na namna ya kukimbia. Kiharusi cha joto kinawapata wanaojilazimisha. Misuli iliyopasuka kupita kiasi humwaga uchafu wake kwenye damu na kuzielemea figo, na anayemeza ibuprofen au diclofenac ili aendelee anaongeza mzigo juu ya mzigo. Jaribio lililofanywa kwa wakimbiaji wa ultramarathoni lilionyesha kuwa waliopewa ibuprofen walipata hitilafu za figo zaidi ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Vidonge hivyo vinauzwa dukani kama peremende, na mwandalizi anapaswa kuvikataza waziwazi. Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, mbio zimekwisha, ni hospitali.

Wapo pia watakaosema huu ni mchezo wa watalii na wenye fedha, usio na maana katika kaunti ambayo ukame wa Kinango unawakosesha watu maji. Ni neno zito. Viatu vipya vya porini ni ghali, na ada za baadhi ya mbio zinazidi mshahara wa wiki kadhaa wa kibarua. Lakini mahitaji ya lazima si mengi: viatu vyenye meno vilivyo vikubwa kidogo kuliko kawaida, kwa kuwa mguu huvimba, na sokoni Kongowea vya mtumba havikosekani, chupa mbili, kofia, mafuta ya mgando kwapani, mapajani na kati ya vidole, kwa sababu mchanga ukichanganyika na jasho huzaa malengelenge ndani ya saa mbili. Kuhusu manufaa, mfano upo hapahapa Kwale. Katikati ya miaka ya 1990, wakulima wa Mwaluganje, jirani na Shimba, waliungana kuiacha ardhi yao iwe hifadhi ya tembo, wakagawana mapato ya wageni. Mapato hayo yamekuwa yakipanda na kushuka, na hayajawatajirisha, lakini yanathibitisha kwamba wenyeji wanaweza kumiliki jambo na kulipwa kwalo. Mbio zitakazopita hapo ziwalipe wenye ardhi, wapishi wa vituo na waongozaji njia, na ziwape wakazi wa Kwale nafasi kwa ada nafuu. Zisipofanya hivyo, wapinzani watakuwa na haki.

Kikwazo kinachobaki ni tembo. KWS iliwahi, mwaka 2005, kuwahamisha baadhi yao kutoka Shimba kwenda Tsavo Mashariki kwa sababu ya msongamano na ugomvi na wakulima, na waliobaki bado wanavuka hadi mashambani. Ndani ya hifadhi hakuna mtu wa kukimbia peke yake, na hakuna mtu wa kukimbia gizani. Sharti hilo linagongana na hoja yangu, kwani mbio za watembeaji zinahitaji muda mrefu. Kanuni ya Naismith imetupa saa 12. Tuongeze moja ya vituo na sala, ziwe 13. Mwezi wa Agosti jua linachomoza Kwale karibu na saa 12 na nusu asubuhi na kuzama kama saa 12 na nusu jioni. Mchana pekee hautoshi.

Suluhisho liko katika mpangilio wa njia. Waanze Diani saa 10 na nusu alfajiri, kwa tochi za kichwani, wakielekea ndani upande wa Muhaka kupitia vijiji na mashamba ya minazi, ambako giza halina tembo. Kituo cha kwanza kiwekwe karibu na msikiti, ili wanaoswali alfajiri waswali, wanywe uji, na wasipoteze nafasi. Kwa mbio za taratibu wengi watakuwa wamekwenda kilomita 12 hadi 14 jua likichomoza, wamefika miguuni mwa vilima, na ndipo wapande pamoja na askari wakiwa wamesambazwa njiani. Sehemu zote za msitu ziwe kati ya asubuhi na alasiri, na mwisho uwe Kwale mjini. Muda ukifungwa saa 11 na nusu jioni, mwalimu wa Msambweni au muuza samaki wa Gazi aliyetembea njia nzima na kula tende zake kwa wakati bado ana saa nzima ya mwanga wa kutafuta matatu ya kurudi Ukunda. Waandalizi wakiufunga saa 9 alasiri, kama inavyofanywa na wanaotaka mbio za mabingwa, watu hao wawili wameondolewa hata kabla hawajajiandikisha.